Kwenye mchezo wanamvua nguo, kazini wanamvisha ya mwanaume

BUTEMBO / BENI – Chukua simu ya kijana yeyote wa Butembo anayependa michezo ya vita, au ingia katika vile vyumba vidogo ambamo watoto wanalipa ili washike manete ya PlayStation kwa dakika chache. Omba wakuonyeshe mpiganaji mwanaume, kiisha mpiganaji mwanamke wa mchezo ule ule. Mara nyingi mwanaume amefunikwa chuma toka kichwani hadi miguuni. Mwanamke yuko tumbo wazi na mapaja wazi, kifua kimeshikwa na vipande viwili vya chuma, na chini amevaa viatu vya kisigino kirefu. Wote wawili wanaenda kupigana na zimwi lile lile.

Wachezaji wengi hawaoni tena ajabu hiyo, kwa sababu wamekua nayo. Lakini Beni na Butembo ni miji ambayo imeyaona mavazi ya kujikinga kwa macho, si kwenye skrini tu. Kwa karibu miaka miwili wakaaji waliwaona waganga wakivaa kombinezoni ili kuingia kwa wagonjwa wa Ebola. Kwa zaidi ya miaka kumi wanaona gile za kuzuia risasi na kofia za chuma zikipita barabarani kila asubuhi. Sehemu chache za Afrika zina wamama wanaojua, kama wa hapa, kwamba nguo inaweza kuamua nani anarudi nyumbani jioni. Kwa hiyo swali la michezo tunaweza kuliuliza kwa uzito: vazi la kujikinga la mwanamke linapaswa kutofautiana wapi na la mwanaume?

Nambari inalinda, picha inauzwa

Kwa wababa na wamama wasiocheza, tueleze kwanza mambo yanavyokwenda. Katika michezo ya hadithi za kale za kubuni, yenye mapanga, wachawi na mazimwi, mchezaji anaokota au ananunua mavazi ya vita: dirii ya kifua, chapeo, ngao, glavu za chuma. Wakristo wanayajua majina matatu ya kwanza kutoka barua ya Mtakatifu Paulo kwa Waefeso. Kila kipande kina nambari. Dirii ya 40 inapunguza pigo kuliko dirii ya 20. Adui anapopiga, mashine inafanya hesabu: nguvu ya pigo, kutoa nambari ya dirii. Mashine haitazami picha. Haijui kama tumbo limefunikwa ao liko wazi.

Ndiyo maana mwanamke aliyevaa vipande vitatu vya chuma vyenye ukubwa wa sahani anaweza kuwa na kinga sawa kabisa na mwanaume aliyefunikwa mwili mzima. Katika mchezo nguo hailindi chochote; nambari ndiyo inalinda. Mchoraji ameachwa huru, na mtu aliyeachwa huru anachora kwa ajili ya yule anayemfikiria mbele yake. Kwa miaka mingi yule aliyefikiriwa mbele ya skrini alikuwa kijana mwanaume mwenye pesa ya kununua mchezo.

Mfano unaojulikana sana ni World of Warcraft, mchezo wa kampuni ya Marekani Blizzard uliotoka mwaka 2004 na kuchezwa na mamilioni ya watu. Humo suruali ile ile ya chuma iliyoondolewa kwa adui ilionekana suruali kamili ikivaliwa na mwanaume. Ikivaliwa na mwanamke, baadhi ya mavazi hayo yaligeuka kitu kama chupi. Jina lile lile, nambari ile ile, nguo mbili. Wachezaji wenyewe walitoa picha za wapiganaji hao wawili, wakaziweka kando kando, wakacheka. Wengine hawakucheka.

Desturi hiyo ni ya kale kuliko kompyuta za nyumbani. Mwaka 1973 vitabu vya picha vya Marvel vilimtoa Red Sonja, mwanamke mpiga panga. Mchoraji Mhispania Esteban Maroto akamchora na vazi la vipande vidogo vya chuma mfano wa nguo ya kuogelea, na vazi hilo likabaki naye. Wachoraji wa michezo waliokuja nyuma walikua wakisoma vitabu vile. Lara Croft wa Tomb Raider, mwaka 1996, hakuvaa chuma, lakini aliingia mapangoni na kwenye theluji na kaptula fupi, na makampuni mengine yaliona jinsi alivyouza.

Kuna jibu ambalo vijana wanalitoa haraka: hata wanaume wako uchi. Kratos wa God of War, tangu 2005, anapigana kifua wazi. Ni kweli, na mtu mwenye haki hawezi kuliruka jambo hilo. Lakini tazama Kratos kwa muda. Mwili wake umechorwa ili uogopwe. Kijana anayemchagua anataka kuwa yeye. Mwanamke wa vipande vitatu vya chuma amechorwa ili atazamwe, na mara nyingi kamera yenyewe inasimama nyuma yake, chini kidogo ya mgongo. Hiyo si tofauti ya kiasi cha kitambaa. Na tuongeze kwamba kuna wasichana wanaopenda kumvalisha mpiganaji wao nguo fupi za kumetameta, na hakuna ubaya. Mchezo ni mchezo. Shida inaanza pale ambapo msichana anayetaka chuma kamili hawezi kukipata hata akikilipia.

Dirii ya Jeanne d'Arc

Tuache skrini kidogo tutazame chuma chenyewe. Historia inatupa mwanamke mmoja ambaye waumini wengi wa kwetu wanamfahamu kwa sababu Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 1920: Jeanne d'Arc. Katika mwaka 1429, mjini Tours, Ufaransa, fundi wa chuma alilipwa livre 100 za Tours ili amtengenezee binti huyo mavazi kamili ya vita. Yalipimwa kwa mwili wake. Hayakuwa na tumbo wazi, na hakuna aliyeona sababu ya kuyafanya yawe hivyo. Tarehe 7 Mei mwaka ule, mbele ya mji wa Orléans, mshale ulimpata kati ya shingo na bega, pale ambapo vipande vya chuma vinakutana. Alirudi vitani siku ile ile.

Mshale ule unafundisha kitu ambacho wachoraji wengi wa michezo hawajakifikiria. Adui hatafuti mahali penye chuma, anatafuta mwanya. Mwili ulioachwa nusu wazi ni mwanya mtupu.

Hata dirii inayofunika lakini imetengenezwa na vikombe viwili vya matiti ina kasoro yake. Mafundi wa zamani walikunja bamba la kifua liwe na mgongo katikati, kama paa la nyumba, ili panga au mkuki ukiteleza uende pembeni, mbali na mwili. Vikombe viwili vinafanya kinyume: vinaliongoza panga katikati, kwenye mfupa wa kifua, karibu na moyo. Mtu akianguka kifudifudi, lile bonde la chuma linamgonga pale pale. Na halina faida yoyote, kwa sababu chini ya chuma kulivaliwa nguo nene iliyoshindiliwa, na juu yake bamba lililopinda lilikuwa na nafasi ya kutosha kwa kifua cha mtu yeyote. Mwanamke hakuhitaji umbo la nje. Alihitaji kipimo cha ndani: mabega, urefu wa kiwiliwili, kiuno.

Hapo ndipo shida ya Beni na Butembo inapoanzia.

Kombinezoni

Tarehe 1 Agosti 2018 wizara ya afya ilitangaza Ebola kutoka Mangina, wilayani Beni. Ugonjwa ukashuka mjini Beni, ukaingia Butembo na Katwa. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua, na 2,287 kati yao walikuwa wamefariki. Wafanyakazi wa afya 171 waliambukizwa.

Mganga anayeingia kwa mgonjwa wa Ebola anavaa kwa utaratibu: buti za mpira, kombinezoni isiyopitisha maji, glavu za kwanza, barakoa, kofia inayofunika shingo, miwani ya kuzibana na uso, aproni, glavu za pili. Jina lake linaandikwa kwa wino juu ya nguo kwa sababu hakuna wa kumtambua. Wanaingia wawili wawili, mmoja akimchunga mwenzake. Ndani ya plastiki ile, chini ya jua la Beni, jasho linajaa kwenye buti, miwani inashika ukungu, na kwa kawaida baada ya saa moja hivi, au chini ya hapo, mtu anapaswa kutoka. Kutoka ndiyo hatari kubwa. Kila kipande kinavuliwa polepole, klorini ikinyunyizwa, mikono ikioshwa kila hatua. Hapo kosa dogo la kitambaa linaweza kumpeleka mganga kwenye kitanda cha mgonjwa wake.

Mtu aliyetazama kutoka nje ya uzio hakuweza kusema yupi ni mwanamke na yupi ni mwanaume. Kwa macho ya mtu anayechoshwa na chupi za chuma za michezo, hilo ni jambo zuri: usawa kamili. Lakini usawa ule ulikuwa wa nje tu.

Nguo hizi zinauzwa duniani kama za watu wote. Mwaka 2017 muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Uingereza, TUC, ulitoa ripoti juu ya wanawake na mavazi ya kujikinga kazini. Ilisema kwamba sehemu kubwa ya mavazi hayo inatengenezwa kwa vipimo vya wanaume wa nchi fulani za Ulaya na wa Marekani. Kupunguza tu ukubwa, kutoka L hadi S, hakutoshi, kwa sababu mwanamke si mwanaume aliyepunguzwa. Nyonga na kifua vina sehemu zake, mabega na mikono vina zake, na uso pia: barakoa iliyokatwa kwa taya pana inaacha mwanya kwenye shavu jembamba.

Fikiria maana yake ndani ya chumba cha Ebola. Kombinezoni iliyo ndefu sana inakunjika kwenye kiuno na kumkwaza mtu anapoinama. Ile iliyobana nyonga inaweza kuchanika pale katikati ya miguu mtu anapochuchumaa kando ya kitanda. Glavu iliyo kubwa inakunjika kwenye ncha za vidole, na kwa vidole hivyo hivyo anatafuta mshipa wa mtoto ili aingize sindano. Miwani inayoteleza inaomba kusukumwa juu, na kuisukuma ni kugusa uso. Kisha kuna mambo ambayo wanaume wanaoagiza vifaa hawayakumbuki kwa urahisi: hakuna njia ya kwenda msalani bila kuvua kila kitu, na siku za mwezi hazingoji zamu iishe.

Jambo hili si la Kongo peke yake. Mwezi Machi 2019, wakati Katwa na Butembo zilikuwa katikati ya ugonjwa, shirika la anga la Marekani, NASA, lilikuwa limepanga wanawake wawili, Anne McClain na Christina Koch, watoke pamoja nje ya kituo cha angani. Safari ile ya pamoja ilivunjwa. Sehemu ya juu ya vazi la angani yenye kipimo cha kati, iliyokuwa tayari kwa kazi, ilikuwa moja tu. Shirika lenye pesa za kufika mwezini lilikosa nguo ya pili ya mwanamke. Wanawake wawili, Koch na Jessica Meir, walitoka pamoja tarehe 18 Oktoba mwaka ule, nguo ya pili ilipokuwa imetayarishwa.

Wale ambao hawakuvaa kitu

Lakini tusiwasahau walio wengi. Kati ya wagonjwa wote 3,470, wanawake walikuwa 1,970, ndiyo 57 kwa mia. Sababu inajulikana na kila familia ya hapa. Mtoto akichemka, mama ndiye anayemlaza mapajani. Mzee akitapika, binti ndiye anayesafisha. Shangazi akifariki, wanawake ndio wanaomuosha. Mama ndiye anayepeleka mgonjwa kituoni na kukaa kando ya kitanda. Walifanya yote hayo kwa mikono mitupu, na kitenge, na maji ya kisima.

Kinga kubwa ya safari ile haikuwa nguo. Ilikuwa chanjo, na zaidi ya watu 300,000 waliipata. Hata hapo mwanamke alingojeshwa. Mwanzoni wenye mimba na wanaonyonyesha walikataliwa, kwa sababu chanjo haikuwa imejaribiwa kwao vya kutosha na waganga waliogopa kuwadhuru. Hofu yao ilikuwa na sababu. Lakini Ebola haikuwaruka wenye mimba. Mlango ulifunguliwa kwao mwaka 2019, ugonjwa ukiwa umeshatembea miezi mingi.

Na kuna kinga ambayo haikutoka kiwandani. Watu waliopona, wengi wao wanawake, walikuwa na nguvu ya kupinga ugonjwa ndani ya damu yao. Beni na Butembo, baadhi yao walichukua kazi ya kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa au wamekufa. Waliitwa kwa Kifaransa berceuses, wenye kubembeleza. Pale ambapo mganga aliweza kumbeba mtoto kwa dakika tu, akiwa amefichwa nyuma ya plastiki na miwani, mwanamke aliyepona aliweza kukaa naye, mtoto akamwona uso.

Beni ilionyesha pia namna nyingine. Mwaka 2018 shirika la ALIMA lilileta hapa CUBE, chumba cha plastiki unachoweza kuona ndani yake, chenye mikono ya glavu iliyoshikamana na ukuta. Mganga anabaki nje, anaingiza mikono, anamhudumia mgonjwa bila kuvaa kombinezoni nzima, na familia inamwona mtu wao. Ni wazo rahisi ambalo linashangaza kwamba lilichelewa: badala ya kuuvisha kila mwili ngome, ngome inajengwa kuzunguka kitanda, na anayesimama nje anaweza kuwa mnene, mwembamba, mrefu, mwenye mimba.

Hakuna vazi la Ebola lililoweza kuzuia risasi. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa kwa siku chache mfululizo. Tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani, aliuawa katika Cliniques Universitaires du Graben, hapa hapa Butembo.

Gile

Juu ya gile za kuzuia risasi, hadithi inafanana. Kikosi cha kuingilia kati cha MONUSCO, kilichoundwa mwaka 2013 kwa askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, kimefanya kazi katika eneo la Beni, na ndani yake wamekuwemo wanawake. Watu wa Butembo wana yao ya kusema juu ya MONUSCO, na Julai 2022 damu ilimwagika mjini kwa sababu hiyo. Hiyo ni habari nyingine. Umoja wa Mataifa umejiwekea lengo kwamba kufikia 2028 wanawake wawe 15 kwa mia ya askari wa vikosi vyake. Sababu moja iko wazi: mwanamke aliyeshambuliwa njiani kwenda shambani atamweleza mwanamke mwenzake mambo ambayo hatamwambia askari mwanaume. Meja Radhika Sen wa India, aliyeongoza kikosi cha wanaume na wanawake hapa Kivu ya Kaskazini kati ya 2023 na 2024, alipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa kwa kazi ya namna hiyo.

Askari wanawake hao wanavaa nini? Katika majeshi mengi, kwa miaka mingi, jibu lilikuwa gile ya mwanaume ya kipimo kidogo. Bamba lililo refu kuliko kiwiliwili linagonga mifupa ya nyonga kila hatua, na mtu akiketi ndani ya gari linapanda hadi kidevuni. Mabega mapana yanazuia kitako cha bunduki kukaa mahali pake. Kifua kinaisukuma gile mbele, na pembeni, chini ya kwapa, unabaki mwanya. Nywele zilizofungwa kisogoni zinasukuma kofia ya chuma ishuke machoni askari anapolala chini kulenga. Mwaka 2021 kamati ya ulinzi ya bunge la Uingereza ilisikia malalamiko ya aina hiyo kutoka kwa askari wake wanawake, na Uingereza si nchi maskini.

Jeshi la Marekani lilianza mwaka 2013 kuwapa wanawake gile iliyokatwa kwa ajili yao: fupi zaidi, nyembamba mabegani, yenye mikunjo ya ndani kwa ajili ya kifua. Ukiitazama kutoka mbali huoni tofauti na ya mwanaume. Haina vikombe viwili. Haina rangi ya pinki. Tofauti yote iko ndani, kwenye mshono, mahali ambapo yeye peke yake anaihisi. Hivyo mchoraji wa michezo ameweka tofauti nje, kwa wanaotazama, na ndani hakubadili hata nambari moja. Mwagizaji wa kombinezoni na gile ameifuta tofauti nje na ndani. Kwa wote wawili, mwenye kuvaa hakuulizwa.

Kwetu kuna kinga nyingine tena, na hatuwezi kujifanya hatuijui. Wapiganaji wa Mai-Mai wamejulikana tangu miaka ya 1990 kwa maji ya dawa yanayosemwa kuigeuza risasi iwe maji. Dawa hiyo ina masharti: usiibe, usile kitu fulani, na hasa usimguse mwanamke wakati wa vita. Hapo mwanamke hapewi hata vazi baya. Anahesabiwa kuwa tundu kwenye dirii ya mwanaume, ingawa wasichana wameishi ndani ya makundi hayo, wengi wao kwa nguvu, wakibeba mizigo chini ya risasi zile zile.

Michezo inabadilika, polepole

Kwenye skrini mambo hayakusimama. Kwa kweli mfano mzuri ulikuwepo tangu mwanzo. Mwaka 1986, katika mchezo wa Kijapani Metroid, mchezaji alimwongoza shujaa Samus Aran aliyefunikwa chuma mwili mzima. Aliyeumaliza haraka ndiye aliyeona Samus akivua chapeo: alikuwa mwanamke muda wote. Bahati mbaya, zawadi ya kumaliza haraka zaidi ilikuwa kumwona na nguo ya kuogelea. Mambo mawili, heshima na macho ya tamaa, ndani ya kaseti moja.

Dark Souls ya 2011 iliwapa wanaume na wanawake mavazi ya chuma ambayo kwa sehemu kubwa ni yale yale, mazito kweli, yanayomchelewesha anayeyavaa. Mortal Kombat, ambayo wengi hapa wameichezea kwenye PlayStation, iliwavua wanawake wake karibu kila kitu katika toleo la 2011. Katika Mortal Kombat 11 ya 2019 waliwafunika. Wapo wanaume waliolalamika. Mchezo uliuzwa vizuri hata hivyo. Na kwenye PUBG Mobile, anayeokota gile ya ngazi ya tatu anapata gile ile ile, awe mwanaume ao mwanamke.

Kinachorudisha mambo nyuma ni biashara. Free Fire na Mobile Legends hazikuulizi pesa ili uanze kucheza, na ndiyo maana ziko kwenye simu nyingi za bei ndogo. Zinaishi kwa kuuza mavazi ya mapambo, yale vijana wanayoita skini. Vazi hilo kazi yake ni kutamaniwa, na anayechora anajua kile kilichouzwa mwezi uliopita. Kwa mzazi anayeona franka zikiondoka kwenye simu, ni vizuri ajue zinanunua nini: picha ya nguo.

Afrika nayo imeanza kuchora. Kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ilitoa mwaka 2016 mchezo wa hadithi za kubuni Aurion: Legacy of the Kori-Odan, ambamo mwana wa mfalme Enzo anazunguka dunia na bibi yake Erine, na Erine haketi nyumbani kungoja. Miaka miwili baadaye filamu ya Black Panther iliwaonyesha walinzi wanawake wa Dora Milaje. Mshonaji wa mavazi yao, Ruth Carter, alichukua rangi nyekundu ya Wamaasai na shanga za Waturkana, akawafunika toka shingoni hadi miguuni, akapata tuzo ya Oscar mwaka 2019. Watazamaji hawakulala usingizi kwa sababu matumbo yalifunikwa.

Butembo ni mji wa biashara na wa cherehani. Wakati wa korona, mwaka 2020, barakoa za kitenge zilishonwa mitaani, na kila fundi alijua kwamba ya mtoto haikatwi kama ya baba. Ujuzi huo uko hapa. Kitu kisichokuwepo ni swali lenyewe ndani ya ofisi za mbali zinazoagiza kombinezoni kwa maelfu.

Na zitaagizwa tena. Ebola ilirudi Butembo mwezi Februari 2021: wagonjwa 12, waliofariki 6. Ilirudi Beni Oktoba mwaka ule ule: wagonjwa 11, waliofariki 9. Siku katoni zitakaposhushwa tena kwenye hospitali zetu, anayezipokea asihesabu idadi tu. Ageuze kila katoni, asome herufi zilizoandikwa pembeni, S, M, L, XL, kisha ahesabu ni waganga wangapi wa zamu ya usiku ni wanawake.